"Sababu tunayo": sababu ya Novemba 1978 ndiyo iliyotufikisha Kampala? Na gharama tuliambiwa lini?

MwanaBunazi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Novemba hotuba ile hurudi kwenye simu zetu. Ukumbi wa Diamond Jubilee, wazee wa Dar es Salaam wamekaa, tarehe 2 Novemba 1978, na Mwalimu Nyerere anasema kuhusu Idi Amin wa Uganda: "Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo." Nimezaliwa vita vya Kagera vimeshakwisha, lakini nikiisikia nywele zinanisimama. Leo naomba tukae kwenye lile neno la katikati. Sababu. Ilikuwa ipi? Na ile iliyotupeleka mpakani Novemba ndiyo hiyohiyo iliyotuingiza Kampala Aprili?

Nianzie nyumbani. Kwetu ni Bunazi, ng'ambo ya mto Kagera, kwenye kile kipande ambacho Amin alisema ni chake. Bibi yangu alikuwa ameinjika chungu cha ndizi na maharage milio ilipoanza kusogea. Alimfunga mama mgongoni, akamshika mjomba mkono, wakashuka na wenzao kuelekea daraja la Kyaka. Walivuka siku mbili kabla halijalipuliwa. Waliporudi mwaka uliofuata walikuta kuta tu. Bati zimeng'olewa, milango imebebwa na fremu zake, ng'ombe hayupo hata mmoja, kahawa iliyokuwa kwenye magunia imekwenda. Chungu kilikuwa palepale juu ya mafiga, ndizi zimekauka nyeusi kama mkaa. Bibi alikisugua kwa mchanga akakitumia miaka mingine mingi. Kwa hiyo mtu akiniambia hatukuwa na sababu, huyo sibishani naye.

Uvamizi mkubwa ulianza tarehe 30 Oktoba. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto, kama kilomita za mraba 1,800, limekuwa la Uganda. Raia wanaokadiriwa kufikia 1,500 waliuawa, maelfu wakakimbia. Tarehe 3 majeshi yake yakaliangusha daraja la Kyaka ili jeshi letu, JWTZ, lisivuke. Ukipita Kyaka leo, gofu la kanisa lililopigwa mizinga lipo.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza na haina doa: adui kaingia, mtoe.

Sasa fuateni kalenda pamoja nami. Mwisho wa Novemba jeshi letu lilikuwa limesharudi ng'ambo ya mto. Januari 1979 tukavuka mpaka tukaichukua Mutukula. Tarehe 24 Februari Masaka. Kisha Mbarara, Lukaya, Entebbe, na tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwetu. Tukaendelea mpaka kwenye mpaka wa Sudan, tarehe 3 Juni. Kati ya mto Kagera na mpaka wa Sudan, sababu ilibadilika njiani. Tulianza na kufukuza. Ikaja kusukuma mizinga yake mbali. Ikaishia kumng'oa.

Mwalimu hakulikwepa swali hili. Alisema kulikuwa na vita viwili: Watanzania wanapigania usalama wa nchi yao, na Waganda wanapigana kumwondoa dikteta wao. Namheshimu sana Mwalimu, lakini hapa naona alisema nusu. Waganda walikuwepo, ndiyo, na walikufa pia. Lakini makundi yao yalikuja kukaa meza moja pale Moshi tarehe 24 hadi 26 Machi, wakati sisi tulishapita Lukaya. Aliyefungua njia ya Kampala ni askari wa Kitanzania.

Halafu gharama. Serikali yenyewe ilitaja dola milioni 500 hivi. Kwa nchi yetu ya wakati ule kiasi hicho hakikuwa mbali na fedha zote za kigeni tulizopata kwa kuuza pamba, kahawa, katani, korosho na vinginevyo kwa mwaka mzima. Ndipo tukaombwa tufunge mikanda miezi 18. Mama yangu amekua ndani ya hiyo miezi 18, na anasema haikuisha mpaka alipoolewa.

Msimamo wangu nauweka wazi. Kumfukuza Amin ilikuwa haki. Kwenda Kampala nako sioni kama lilikuwa kosa. Kinachoniuma ni kwamba sababu ya kwanza tulielezwa kabla ya risasi, ya pili tukaelezwa tukiwa tumeshafika, na hesabu ya gharama ikaja mwisho kabisa, imeshatumika. Naombeni hoja.

Mzee wa 201

Mwanangu, nimesoma uzi wako mara mbili. Mimi nilikuwa mgambo nikaingizwa Brigedi ya 201. Nina haya ya kukwambia.

Ukisimama Mutukula unauona uwanda wa Kagera wote chini yako. Pale palikuwa na mizinga. Kumtoa mtu Bunazi ukamwacha Mutukula ni kumfukuza mwizi sebuleni ukamwachia baraza na panga lake. Ungelala usiku huo? Na Amin hakuwahi kutamka kwamba ameacha madai yake juu ya ardhi yetu. OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, nao wakatuita tukapatane naye, kama vile tuligombana shambani, badala ya kusema wazi nani kamvamia nani. Mwalimu akakataa. Sisi kule mbele tulimwelewa.

Unasema sababu ilibadilika njiani. Ni kweli ilibadilika, lakini wa kuibadilisha hakuwa sisi peke yetu. Tarehe 10 Machi tulikuwa Lukaya. Barabara imeinuka katikati, kulia na kushoto kinamasi cha mafunjo. Yakaanza kushuka makombora ya Walibya, ambao Gaddafi aliwaleta kumwokoa rafiki yake. Brigedi yetu wengi tulikuwa mgambo, tulikuwa hatujawahi kusikia kitu cha namna ile. Tulitawanyika usiku ule, sioni aibu kulisema sasa. Kiatu changu cha kushoto kilibaki kwenye tope. Alfajiri Brigedi ya 208 ikazunguka ikawapiga ubavuni, nasi tukajikusanya. Pale hukuwa na nafasi ya kuuliza kama hii bado ni vita ya kumtoa adui Kagera. Libya ilikuwa mbele yako.

Na kwa kuwa umeomba ukweli: nilipita Mutukula baada ya kutekwa, tingatinga zilikuwa zimesawazisha kila kitu. Wapo raia waliouawa pale na askari wetu, kwa hasira ya yale waliyoyaona Kagera. Habari ilipomfikia Mwalimu ikashuka amri kali, raia wa Uganda asiguswe, mali yake isiguswe. Baada ya hapo mambo yalibadilika. Hili nalo liingie kwenye hesabu yako ya gharama.

MwanaBunazi

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma na nimenyamaza kidogo kabla ya kuandika. Hoja ya mwinuko wa Mutukula naipokea yote. Ndiyo maana sisemi tungesimama mpakani.

Mzee wa 201

Marahaba mwanangu. Endelea kuuliza.

Hesabu Kali

Mleta uzi, kwenye gharama umebeba nusu. Kila shida ya miaka ya themanini huwa tunaitupia vita, na ndivyo tulivyoambiwa. Angalia mfululizo.

1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa. Ghafla tukalazimika kuwa na shirika letu la ndege, la reli, la bandari, la posta, vyote kwa fedha za kigeni. Mwaka huohuo bei nzuri ya kahawa ikafika kileleni ikaanza kushuka. 1978 tukalegeza uagizaji wa bidhaa, akiba ya fedha za kigeni ikayeyuka. Vita vikaingia Oktoba, hazina ikiwa tayari imekonda. Vita havijaisha, mapinduzi ya Iran yakapandisha mafuta upya. Juu ya hayo weka viwanda vya umma vilivyozalisha chini ya uwezo na wakulima waliohamishiwa vijijini miaka michache kabla.

Sasa kwa nini hili lina uzito kwenye mada yako? Kwa sababu "miezi 18" ilijengwa juu ya dhana kwamba tatizo ni vita, na vita vikilipwa tutarudi tulipokuwa. Hatukuwa na pa kurudi. Waziri wa Fedha Edwin Mtei alitaka tukubaliane na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, Mwalimu akakataa, Mtei akajiuzulu 1979. Mwalimu akauliza hadharani tangu lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya dunia. Swali zuri sana, nakubali. Lakini makubaliano yalikuja kusainiwa 1986 chini ya Mzee Mwinyi, hali ikiwa mbaya zaidi. Vita vilikuwa sababu ya kweli. Vikageuka pia kuwa kisingizio cha kutotazama mengine. Hapo ndipo ninapomlaumu Mwalimu, siyo Kampala.

Foleni ya RTC

Hesabu Kali umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa darasa la nne. Tuliweka jiwe kwenye foleni ya duka la kaya saa kumi alfajiri, kila jiwe lina mwenyewe, ole wako ulisogeze la mtu. Sukari ikija ni kilo moja kwa kaya, siku nyingine nusu. Unga wa yanga tumekula, ule wa njano wa msaada, na tulishukuru kuupata. Jumapili saa nane mchana magari binafsi yanalala, mafuta hakuna.

Mama alikuwa na kipande cha sabuni amekifunga kwenye mfuko wa nailoni anakihifadhi juu ya kabati, kwa ajili ya mgeni na kwa ajili ya msiba. Sisi watoto tulioga kwa maji matupu. Sikuwahi kumsikia akilaani vita. Alichokuwa anauliza ni kimoja: "Itaisha lini?" Hakuna aliyemjibu. Nikisoma swali la mleta uzi naona ndilo hilohilo la mama.

Darasa la Sheria

Naomba niingize jambo ambalo wengi hulisahau. Mwaka 1964 pale Cairo, azimio la OAU la kuheshimu mipaka tuliyoachiwa na wakoloni, aliyelitoa mezani ni Nyerere mwenyewe. Kwa hiyo Amin alipotangaza mto Kagera kuwa mpaka alivunja jambo ambalo Mwalimu alilijenga kwa mikono yake. Ndiyo maana sababu ya kwanza ilikuwa na nguvu kisheria. Ukivamiwa unajilinda, Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinasema hivyo.

Lakini OAU hiyohiyo ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya mwenzako. Mkutano wa wakuu wa nchi Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitusema hadharani. Wengi tuliudhika, na nakumbuka baba yangu akiizima redio. Leo nikifundisha nawaambia wanafunzi wasiwapuuze wale wawili. Hofu yao haikuwa Amin. Walikuwa wanauliza, jirani mwenye nguvu akishaingia mji mkuu wa mwenzake kwa sababu nzuri, atakayekuja kesho na sababu mbaya tutamzuia kwa lipi?

Mwalimu angeweza kusimama akasema: ndiyo, tumemng'oa, kwa sababu anaua watu wake na dunia imekaa kimya. Badala yake tuliegemea zaidi usalama wa mpaka. Ile sababu iliyo nzito kuliko zote kiutu ndiyo tuliyoisema kwa sauti ndogo.

Kuhusu nani aulizwe: Katiba tuliyonayo leo, ibara ya 44, inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita, na inamtaka apeleke nakala ya tangazo kwa Spika, Bunge liitwe ndani ya siku 14 lifikirie kupitisha au kutopitisha azimio la kumuunga mkono. Someni wenyewe. Haisemi chochote kuhusu vita inayoanza na sababu moja ikaendelea na nyingine.

Mtanzania wa Kampala

Nipo huku miaka 19, nimeoa huku. Wazee wa Kiganda wakijua natoka Tanzania bado wapo wanaonishika mkono kwa mikono miwili na kusema "bakombozi", neno letu wakombozi wamelifanya lao. Mama mkwe wangu husimulia asubuhi ya Aprili 1979, watu wamemwagika barabarani wanawapa askari wetu ndizi na maji, askari wenyewe wamechoka, wanatembea kwa miguu, wengine wamelala kando ya njia wamekumbatia bunduki.

Lakini naye haishii hapo. Yusuf Lule, rais aliyemfuata Amin, alikaa madarakani siku 68. Akaja Binaisa, akaondolewa Mei 1980. Desemba 1980 ukafanyika uchaguzi, Obote, aliyepinduliwa na Amin, akarudi, na wengi huku waliamini rafiki wa Mwalimu ndiye aliyetakiwa kurudi tangu mwanzo. Mwaka uliofuata Museveni akaingia msituni, na Luwero ikajaa mafuvu. Jeshi letu lilikuwa hapa mpaka 1981. Mama mkwe husema, mlitutoa mdomoni mwa simba mkatuacha palepale porini.

Mleta uzi, gharama usiihesabu kwa dola zetu tu. Masaka ilivunjwavunjwa, na waliokuwa wakiishi mle hawakumtuma Amin Kagera. Nami nasema hivi nikiwa bado naamini aliyemwondoa Amin alifanya jambo jema.

Mtu wa Likoni

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Nawafuata kimya tangu mwanzo. Sisi tuliingia Somalia Oktoba 2011. Tuliambiwa sababu ni utekaji wa watalii kule Lamu na wafanyakazi wa misaada Dadaab, twende tuwasukume Al-Shabaab mbali na mpaka turudi. Mwaka uliofuata jeshi letu likawa ndani ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, sababu ikawa nyingine, na miaka ikapita. Wakatushambulia nyumbani: Westgate 2013 waliuawa watu 67. Chuo cha Garissa Aprili 2015, 148, wengi wao wanafunzi. Januari 2016 kambi yetu ya El Adde kule Somalia ikavamiwa, na serikali haikututajia ni askari wangapi tuliowazika.

Katiba yetu ya 2010 inasema tangazo la vita liidhinishwe na Bunge la Taifa. Lakini wanajeshi walipovuka, neno "vita" halikutangazwa. Nyinyi Mwalimu wenu walau aliketi mbele ya wazee akatamka: tutampiga. Mimi nawaonea gere kwa hilo, ndugu zangu, Mungu ni shahidi.

Binti wa Mgambo

Naandika mara ya kwanza humu ndani, niwieni radhi kama nitakosea.

Baba yangu alikuwa mgambo. Alichukuliwa na lori lililokuwa la kampuni ya pamba, maana malori yote yalikusanywa wakati ule. Mama alimfungia mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. Hakurudi. Nimesoma kwamba wanajeshi wetu waliokufa ni 373, na kati yao waliouawa kwenye mapigano hasa ni 96. Wengine ajali, wengine maradhi. Baba alikuwa wa hao wengine, gari lilipinduka. Kwa hiyo kwenye stori za vita hayumo. Hakufa Lukaya.

Mama alihangaikia mafao yake ofisi moja hadi nyingine, mara taja namba, mara njoo na barua, mara barua haina mhuri. Aliacha mwaka 1991. Sitaji ofisi wala mtu.

Nimefika Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Pamesafishwa, pametulia, pana heshima. Nilisimama nikasoma majina pole pole kwa kidole. Sina ugomvi na sababu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa najivunia sana darasani, mwalimu akisema nani baba yake alikwenda vitani nilikuwa wa kwanza kunyoosha. Ninachotaka ni kwamba rais yeyote akisimama tena kusema sababu tunayo, mezani pawepo pia karatasi ya nani atalipa, na malipo ya mjane yaandikwe kabla lori halijaondoka.

Mzee wa 201

Binti yangu, pole. Aliyepinduka na gari alikuwa anatuletea sisi risasi na unga. Bila yeye sisi tusingefika hata Mutukula. Usiseme hayumo.

Chama Kwanza

Mimi nauliza wote mnaolalamika. Nchi ikiwa vitani unaitisha mjadala gani? Januari 1979 ungesimama redioni ukasema "sasa tunaenda Kampala, itagharimu kiasi hiki", si ungekuwa unamwambia Amin na Gaddafi mpango wako? Mleta uzi nakuuliza wewe binafsi. Ungekuwa Diamond Jubilee siku ile ungesema nini?

MwanaBunazi

Mkuu, swali la haki kabisa na nitalijibu bila kuzunguka.

Siku ile ya 2 Novemba nisingeuliza kitu. Ningesimama na wale wazee nikapiga makofi mpaka viganja viwake, kwa sababu bibi yangu alikuwa amelala chini ya mti kusini mwa Kyaka na watoto wawili.

Siri ya jeshi naielewa. Sikudai tarehe wala njia. Lakini Masaka ilianguka Februari na dunia nzima ilijua tupo ndani ya Uganda, Amin akiwa wa kwanza. Hapo siri ilikuwa imebaki kwa nani? Hapo ndipo ningetaka Mwalimu arudi palepale Diamond Jubilee, mbele ya wazee walewale. Aseme: tuliyokubaliana Novemba tumeyamaliza, adui ametoka. Sasa naona tusiishie hapa, kwa sababu hizi. Itatugharimu hivi, na sijui itachukua muda gani. Mnasemaje?

Naamini wangemkubalia. Nimeongea na wazee wengi wa kwetu Missenyi na sijampata hata mmoja ambaye angemkatalia. Kwa hiyo kuuliza kusingempunguzia kitu. Kungempa mama yake Foleni ya RTC jibu la swali lake, na yule mama wa Binti wa Mgambo angekuwa na ahadi ya kushika mkononi.

Binti wa Mgambo, nimekutumia ujumbe wa faragha. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mimi na wenzangu wachache tunakwenda Kaboya na maua, Mzee wa 201 akijaliwa afya tunapita kumchukua. Kama utapenda, kuna nafasi kwenye gari.